Spika Kwanza: Maneno kwa Wapenzi wa Amplifaya za Valvu

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Na nyinyi vijana mliokuja kwa kuwa mmesikia kutapigwa santuri za rumba, mvumilie kidogo. Santuri zipo, lakini mwenyekiti amenipa nafasi ya kusema kwanza, na fundi akipewa kipaza sauti hakirudishi upesi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuoanisha spika na amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa zile taa za kioo badala ya transista, ile ya kukaa nayo sebuleni. Sitawazungusha: nunua spika kwanza, amplifaya baadaye. Kama amplifaya unayo tayari, umeirithi au umeipata mnadani, basi spika uitafute kwa kuiangalia hiyo amplifaya na kuacha kuangalia mfuko wako peke yake. Wengi wetu tunakwenda kinyume. Tunapenda ile valvu inayowaka, tunalipa, tunaifikisha nyumbani, tunaifunga kwenye spika zozote zilizokuwepo, halafu tunasema valvu hazina nguvu.

Hili la nguvu ndilo limetuharibia mambo. Ingia Kariakoo kununua sabufa. Neno la kwanza mnunuzi analouliza ni "ina wati ngapi?", na boksi limeshamjibu kwa herufi kubwa: wati 10,000 PMPO. Tupige hesabu pamoja. Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, inatoa wati 2,990 na hapo ndipo mwisho wake. Hizo elfu saba zilizobaki sabufa imezitoa wapi, kwa mganga? Ile PMPO ni namba ya mchapa boksi, haina uhusiano na sikio la mtu yeyote. Lakini imeshatuzoesha, na mtu aliyezoea kuhesabu kwa maelfu akikutana na amplifaya iliyoandikwa wati 8 anadhani ni kifaa cha kuchezea watoto.

Basi tuzifahamu namba za kweli. Valvu ya 2A3, iliyoletwa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1933, ikifanya kazi peke yake kwa kila upande hutoa wati 3 na nusu hivi. Ile 300B ya Western Electric, ya mwaka 1938, ambayo wapenzi wa valvu wanaiheshimu kama wazee wa kanda, hutoa kama wati 8. EL84 mbili zikipokezana kazi, moja inasukuma na nyingine inavuta, zinakupa wati 10 hadi 15. EL34 mbili zinafika 35. Ndizo zilizomo kwenye kila upande wa Dynaco Stereo 70, amplifaya ya Marekani ya mwaka 1959 iliyouzwa sana kama vipande vya kujiungia mwenyewe nyumbani. KT88 mbili zinapita 50. Juu ya hapo unaongeza valvu, unaongeza joto, na unaongeza bili ya umeme.

Wati 8 ni nyingi au chache? Swali hilo halina jibu mpaka mtu aniambie spika yake.

Kila spika ina namba inayoonyesha inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati 1, kipimo kikiwekwa mita 1 mbele yake. Namba hiyo ni ya desibeli. Mimi naiita wepesi wa spika, na sina maana ya wepesi wa kubeba, kwa sababu nyingi zilizo nyepesi kwa wati ni nzito kwa mgongo. Spika nyingi za nyumbani za leo ziko kati ya desibeli 84 na 90. Zipo za 94, na zipo za honi zinazopita 100.

Mtu anaona 84 na 94 anasema tofauti ni kumi tu. Ndugu zangu, kwenye desibeli kumi ni mlima. Ukitaka kuongeza desibeli 3, unahitaji wati mara mbili. Ukitaka kuongeza desibeli 10, wati mara kumi. Na baada ya kuzidisha wati mara kumi, sikio la binadamu linasema sauti imekuwa kama mara mbili tu. Hivyo ndivyo tulivyoumbwa.

Chukueni sebule ya kawaida. Umekaa mita 3 kutoka kwenye spika. Unasikiliza kwa sauti ya kufurahi bila kuwaudhi majirani, tuseme wastani wa desibeli 80. Lakini muziki hauendi kwa wastani. Ngoma ikipigwa, tarumbeta likipaa, sauti inaruka desibeli 15 juu ya wastani kwa nukta ya sekunde, kwa hiyo lazima uweze kufika 95 bila kukwaruza. Umbali wa mita 3 unakula sauti, ila kuta zinarudisha sehemu na spika ya pili inaongeza yake, kwa hiyo ondoeni desibeli kama 5 au 6. Spika ya 84 inabaki na 78 au 79 kwa wati 1. Kufika 95 inataka wati 40 hadi 50. Spika ya 94, chumba kilekile, kiti kilekile, inataka wati 4 au 5. Mwenye 300B yake ya wati 8 akiwa na spika ya pili anacheka, akiwa na ya kwanza analia. Na amplifaya ni ileile.

Wazee mnazikumbuka rediogramu. Lile kabati la mbao lililokuwa linakaa sebuleni Mombasa, Unguja, Tanga, juu kitambaa cha kufuma, ndani redio na sahani ya santuri. Nyingi zilikuwa na valvu moja tu ya kutolea sauti, wati 3 au 4, na zilitosha nyumba nzima na barazani. Ukifungua nyuma unaona kwa nini: spika pana ya karatasi nyembamba, kingo zake karatasi au kitambaa, sumaku nzuri, na kabati kubwa lililo wazi nyuma. Hakuna kilichokuwa kinakula wati njiani.

Au tuseme honi za msikitini. Mashine ndogo, na adhana inafika mitaa mitatu. Ule mdomo unaotanuka polepole unakiwezesha kitu kidogo kusukuma hewa nyingi. Kumbi za sinema za Marekani miaka ya 1930 zilikwenda kwa mtindo huohuo: watazamaji mamia, amplifaya ya wati chache, na honi kubwa nyuma ya pazia. Mwaka 1946, kule Hope, Arkansas, mhandisi Paul Klipsch alianza kuuza honi ya kuweka nyumbani, Klipschorn, inayokaa kwenye kona ya chumba ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya mdomo wa honi. Wepesi wake unapita desibeli 100. Kwa spika kama hiyo wati 3 na nusu za 2A3 zinatosha kuamsha mtaa. Tatizo ni kona. Nyumba zetu ngapi zina kona mbili zilizo wazi, zinazotazamana na kiti, bila mlango wala friji?

Mtaniuliza, kama spika nyepesi ni nzuri hivyo, kwa nini viwanda viliziacha? Viliziacha kwa sababu watu walitaka sebule zao. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, kule Cambridge, Massachusetts, walitoa Acoustic Research AR-1. Sanduku dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi nyuma ya koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, na besi inayoshuka chini kuliko makabati makubwa ya wakati huo. Watu walishangaa, na kweli ilikuwa kazi ya akili. Ila bei yake ililipwa kwa wepesi. Baadaye Kloss alikuwa na mwenzake, Josef Anton Hofmann, aliyeiweka hesabu hiyo kuwa kanuni ambayo hadi leo inaitwa sheria ya chuma ya Hofmann. Sanduku dogo, besi ya chini kabisa, wepesi wa spika: chagua mawili, la tatu utalikosa. Hakuna kiwanda kilichoivunja, hata kama tangazo linasema kimeivunja.

Halafu zikaja transista, na kuanzia miaka ya 1960 wati zikawa rahisi kama maji ya bomba. Mtengeneza spika akasema, kwa nini nihangaike na wepesi wakati mteja ana wati 100? Akatengeneza masanduku madogo mazuri, yanayokula wati, yenye ukinzani unaoshuka kokote unakotaka kushuka. Kwa transista hakuna neno. Wewe wa valvu leo unaingia dukani na kukuta spika zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo shida yetu, na ndiyo maana nasema spika kwanza.

Sasa twende kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme. Hapa naomba msinichoke, maana ndipo watu wengi wanapodanganywa na kibandiko.

Nyuma ya spika imeandikwa omu 8. Ile 8 ni jina tu. Spika haina ukinzani mmoja. Unabadilika kila masafa yanapobadilika. Penye mlio wa asili wa koni, chini kwenye besi, unapanda hadi omu 30 au zaidi. Ukipanda juu kidogo unashuka. Kwenye krosova, pale wufa, spika ya besi, inapomwachia kazi twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, unapanda tena. Kanuni za kimataifa zinataka spika inayoitwa ya omu 8 isishuke chini ya asilimia 80 ya jina lake, yaani omu 6.4. Wapo wanaofuata, na wapo wanaouza spika ya omu 8 inayozama hadi 3 na nusu, kwa sababu hakuna askari wa omu.

Valvu yenyewe haiwezi kabisa kusukuma omu 8. Valvu ni kitu cha volti nyingi na mkondo mdogo, spika ni kitu cha volti chache na mkondo mkubwa. Kati yao amewekwa mkalimani, naye ni transfoma ya kutolea sauti, lile bonge la chuma linalofanya amplifaya ya valvu iwe nzito kama gunia la mchele. Tuseme valvu zako zinataka kuona omu 5,000 mbele yao. Transfoma yenye mizunguko 25 ya waya upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika inafanya kazi hiyo, kwa sababu ukinzani unakwenda kwa kipeo cha pili: 25 mara 25 ni 625, na 625 mara 8 ni 5,000 kamili. Ndiyo sababu nyuma mnaona sehemu za kufungia waya zimeandikwa 4, 8 na 16. Ni transfoma ileile, mizunguko tofauti.

Angalieni sasa kinachotokea. Spika ya omu 4 ukiifunga kwenye 8, valvu zinaona omu 2,500 badala ya 5,000. Zinavutwa mkondo zaidi, zinakwaruza mapema, na kama ni mtu wa kupandisha sauti, unafupisha maisha yake. Ukifanya kinyume, spika ya 8 kwenye sehemu ya 4, valvu zinaona mara mbili ya zilichotarajia. Unapoteza wati kiasi, lakini mara nyingi besi inakuwa na adabu zaidi. Kwa hiyo mwenye spika ya "omu 8" inayozama hadi 4 asione aibu kuijaribu kwenye sehemu ya 4. Zima amplifaya, subiri, hamisha waya, washa, sikiliza santuri unayoijua. Sikio lako ndilo hakimu. Kujaribu hivyo hakuharibu kitu.

Kinachoharibu ni kuwasha bila spika. Hapa nitapandisha sauti kidogo, mniwie radhi. Amplifaya ya transista inaogopa waya za spika zigusane. Ya valvu inaogopa waya za spika ziachane. Muziki ukipita na hakuna spika ya kuupokea, nguvu iliyomo ndani ya transfoma haina pa kwenda, volti zinaruka juu sana, cheche zinapiga kwenye kitako cha valvu au zinatoboa kinga ya waya ndani ya transfoma. Transfoma hiyo ikishakufa, mara nyingi gharama ya kuisuka upya inakaribia bei ya mashine. Kwa hiyo skrubu za spika zikazwe, na msinunue vile visanduku vya kubadilishia spika vinavyokata mstari katikati ya wimbo. Na kwa vijana wenye bisibisi: ndani mle mna volti 300 hadi 500, na kapasita zinazitunza hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani. Hapo mkono hauingii kwa kubahatisha.

Narudi kwenye omu, maana bado sijasema lililo muhimu kuliko yote. Amplifaya yenyewe ina ukinzani wake wa ndani, upande wa spika. Ya transista huwa ni sehemu ndogo sana ya omu 1, haihisiwi. Lakini amplifaya ya 300B isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ijisahihishe, inaweza kuwa na omu 2 au 3. Tuchukue 3. Spika inayocheza kati ya omu 6 na omu 30, pale ilipo 6 inapata theluthi mbili ya volti na theluthi moja inabaki ndani ya amplifaya. Pale ilipo 30 inapata asilimia 91. Tofauti hiyo ni kama desibeli 2.7, na sikio la mtu yeyote, hata asiyejua muziki, linaisikia. Maana yake, kila palipo na mlima kwenye ukinzani wa spika, sauti inainuka. Kila palipo na bonde, inazama. Besi inanenepa, sehemu ya krosova inachomoza, na sauti ya mwimbaji inaweza kukaa mbele au nyuma kutegemea mlima umekaa wapi.

Watu wengi wanaosema valvu ina "joto" au "utamu" wanasikia jambo hili na hawajui. Mimi si mtu wa kubeza utamu. Ila utamu wa bahati ni wa bahati: mwenzako akinunua amplifaya hiyohiyo akaifunga kwenye spika nyingine, anaweza kupata besi inayovuma kama pipa. Ndiyo maana ukiambiwa na rafiki "amplifaya hii ni nzuri", muulize kwanza, kwa spika ipi?

Wahandisi waliliona mapema. Mwaka 1947, katika jarida la Uingereza la Wireless World, D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya wati 15, valvu mbili za KT66, yenye transfoma bora na mrejesho mwingi. Mrejesho huo unapunguza mikwaruzo na unashusha ukinzani wa ndani pia, hivyo amplifaya ya aina ile inamudu spika nyingi bila kulalamika. Kwa hiyo msiseme "valvu" kana kwamba ni kabila moja. Mwenye EL34 mbili mbili na mrejesho wa wastani ana uhuru mkubwa wa kuchagua spika. Mwenye 2A3 moja bila mrejesho anatakiwa awe mchaguzi kuliko mkwe.

Lazima sasa nijipinge mwenyewe kidogo, maana mtu anaweza kutoka hapa akidhani wepesi ndio kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BBC walitengeneza spika ndogo ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, LS3/5A. Wepesi wake ni desibeli 82 na nusu hivi. Kwa hesabu niliyowapa, ni spika ya kukimbiwa. Na bado hadi leo wapo wenye valvu wanaoipenda kuliko mali yoyote, wanaipigia kwa amplifaya za zamani za Leak au Quad, kampuni za Uingereza, za wati 12 au 15. Siri iko kwenye omu. LS3/5A ya mwanzo ni ya omu 15. Haimvuti mtu mkondo, valvu zinapumua. Na wenyewe wanaijua kazi yake: chumba kidogo, kiti karibu, sauti za watu na ala chache. Hawaiombi ijaze ukumbi wa harusi. Spika nzito kwa wati lakini rahisi kwa omu inaweza kuishi na valvu kwenye chumba kidogo. Spika nzito kwa wati na yenye omu zinazozama, hiyo muachie mwenye transista.

Quad wenyewe wana kisa cha kuzingatia. Peter Walker, pale Huntingdon, alitoa amplifaya ya Quad II mwaka 1953, wati 15. Mwaka 1957 akatoa spika isiyo na koni kabisa, ESL, utando mwembamba unaosukumwa na umeme tuli. Spika hiyo ni mtihani: ukinzani wake unaporomoka vibaya kwenye sauti nyembamba za juu, na ukiizidishia nguvu inadhurika. Lakini aliyetengeneza spika ndiye aliyetengeneza amplifaya, na alijua moja inatoa nini na nyingine inataka nini. Zilipowekwa pamoja zilisikika safi kiasi kwamba wapo wanaozikarabati hadi leo. Sisi tunaonunua vitu viwili kutoka sehemu mbili inabidi tumfanyie kazi hiyo Bwana Walker asiyekuwepo.

Tunaifanyaje? Kama spika imewahi kupimwa na majarida, tafuteni mchoro wa ukinzani wake. Uko wazi kwa spika nyingi maarufu. Kama haijapimwa, pimeni. Mita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu inaonyesha ukinzani wa waya wa koili tu, na kwa spika ya omu 8 itasoma kama 5 na nusu hadi 6 na nusu. Hiyo inatosha kumkamata muuzaji anayeuza ya 4 kwa jina la 8. Ukitaka zaidi, chukua amplifaya ndogo ya transista, narudia, ya transista, weka rezista ya omu 1,000 kati yake na spika, cheza milio ya masafa mbalimbali kutoka kwenye simu, na upime volti za AC kwenye spika. Anza kwa kuweka rezista ya omu 10 mahali pa spika ili ujue omu 10 zinasomaje. Hapo kila spika ikisoma mara mbili ya hapo ni omu 20, ikisoma nusu ni omu 5. Mita za bei rahisi zinaanza kusema uongo masafa yanapopanda, ila besi na katikati utaviona vizuri.

Spika zilizotumika zinazotoka Japani na Ulaya ni nyingi mitaani, na ndimo zilimo zile nyepesi za zamani. Angalieni kingo za koni. Zile za sponji, kwa joto na unyevu wa pwani, zinaoza na kumomonyoka kwa kidole. Zinabadilishika, lakini mtoe bei hiyo kabla ya kulipa. Za kitambaa au karatasi zinavumilia. Amplifaya ikitoka Japani ni ya volti 100, ikitoka Marekani ni ya 120, kwa hiyo inahitaji transfoma ya kushushia umeme. Kama imeandikwa ya hezi 60 peke yake, jueni kwamba kwa hezi 50 zetu transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi. Na spika nyepesi sana, ya 98 au 100, inasema kila kitu, hata muungurumo wa amplifaya ambao spika ya 85 ingeuficha. Ukinunua honi, jiandae kumtafuta fundi wa kunyamazisha muungurumo.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini maswali mawili yamefika mezani.

Dada yangu pale mbele ana amplifaya ya EL84, wati 10, mrejesho upo, anaishi chumba na sebule na anakaa mita 2 kutoka kwenye spika. Anauliza kama ni lazima atafute honi. Hapana, dada. Kwa mita 2, ondoa desibeli 3. Spika ya 88 inabaki na 85, na wati 10 zinakuongezea 10, umefika 95. Tafuta ya 88 au 90, ya omu 8, isiyozama chini ya 6. Pesa ya honi nunulia santuri.

Mzee wangu ana rediogramu ya marehemu baba yake, haijawashwa miaka mingi, anataka kuitoa spika aifunge kwenye amplifaya mpya. Mzee, kwanza usiichomeke ukutani. Kapasita zake zimekauka na zinaweza kuondoka na transfoma, mpe fundi abadilishe kabla ya umeme kuingia. Pili, spika iache ndani ya kabati lake na upeleke waya hadi huko, maana ile spika ilipangwa kwa kabati lile, na nje yake besi itatoroka. Tatu, ipime kwa mita ukiwa umeitenganisha na transfoma yake ya zamani. Nyingi za Uingereza za wakati ule zilikuwa za omu 3. Ukiona mita inasoma 2 na nusu au 3, ifunge kwenye sehemu iliyoandikwa 4, usiipeleke kwenye 8, na sauti usiipandishe zaidi ya pale baba yako alipokuwa akiiacha.